Bernard Tapie na bahasha ya bustanini

Kaka yangu alikuwa na fulana nyeupe aliyoiandika mwenyewe mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: BOLI, na chini yake 4. Ilikuwa mwaka 1993. Ilipofuliwa mara ya pili wino ulitambaa, ile 4 ikawa doa tu, lakini hakuacha kuivaa. Marseille yenyewe hakujua iko upande gani wa Ufaransa. Alichojua ni kwamba kona ilipigwa na Abedi Pelé, Mghana, kichwa kikapigwa na Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, na AC Milan wakalala 1-0 kwenye fainali ya klabu bingwa Ulaya mjini Munich. Kwake yeye kombe lile lilikuwa letu, na ukibisha mnagombana.

Nilikuwa mdogo, nikaamini. Jina la mwenye timu nililisikia baadaye, na nililisikia kwa ubaya: yule tajiri aliyefungwa jela kwa kununua mechi. Nikamuuliza kaka kama ni kweli. Akanijibu kwamba mechi aliyoinunua haikuwa ile ya Munich, kwa hiyo kombe ni halali. Akageuka, akaendelea na shughuli zake.

Alikuwa sahihi, kisheria. Lakini jibu lile halikuniingia, na tangu wakati huo nimesoma habari za Bernard Tapie kuliko inavyostahili. Kila nikidhani nimemaliza nakuta kesi nyingine, kampuni nyingine, rufaa nyingine. Kinachonirudisha kwake si ukubwa wa kosa. Rushwa ya mpira ni kongwe kama mpira wenyewe. Kinachonirudisha ni kwamba timu yake ilikuwa bora kuliko ile iliyokuwa inakwenda kucheza nayo. Wangeshinda tu. Mechi akainunua hata hivyo.

Tapie alizaliwa Paris tarehe 26 Januari 1943, akakulia Le Bourget, nje kidogo ya jiji, kwenye familia ya wafanyakazi wa kawaida. Ujanani alijaribu kuimba, akatoa sahani za santuri kwa jina la Tapy, hazikuuza. Akauza televisheni. Alikuwa na sura, sauti nzito, na mdomo. Mdomo hasa. Ukitazama mahojiano yake ya miaka ya 1980 unaona mtu anayezungumza na waandishi wa habari kama mpiga debe anayejaza gari: anakushika mkono, anakuita ndugu yangu, na hujakaa vizuri umeshalipa nauli.

Biashara iliyomtoa ilikuwa ya kununua kampuni zilizokuwa zinakata roho. Kampuni ikishindwa kulipa madeni, inafikishwa mahakama ya biashara, na mahakama inatafuta mtu wa kuibeba. Tapie alikuwa akijitokeza na faranga moja mkononi, faranga moja kweli, ya jina tu. Halafu anakaa na wadai, anawaambia: mkinibana mnapata sifuri, mkinisamehe sehemu kubwa mnapata kidogo. Wanasamehe. Anapunguza wafanyakazi, anauza majengo, anabaki na jina la bidhaa ambalo kila Mfaransa analijua tangu utotoni, na jina hilo ndilo analoliuza. Ndivyo zilivyopita mikononi mwake betri za Wonder, mizani za Terraillon, vifaa vya michezo vya Look na maduka ya vyakula ya La Vie Claire. Jina la La Vie Claire alilibandika kwenye timu ya baiskeli, na timu hiyo ikatwaa Tour de France mara mbili mfululizo, 1985 kwa Bernard Hinault na 1986 kwa Greg LeMond. Kutoka duka la vyakula hadi jezi ya njano! Huo ndio uliokuwa ustadi wake.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho Wafaransa hukisimulia wakicheka, mimi hukisoma nikiwa nimekunja uso. Jean-Bedel Bokassa, aliyejitawaza mfalme wa Afrika ya Kati, alipinduliwa mwaka 1979 akakimbilia Abidjan. Ufaransani alikuwa na majumba ya kifahari. Tapie akapanda ndege, akamkuta mzee uhamishoni, akamshawishi kwamba mali zile zitataifishwa wakati wowote, kwa hiyo afadhali amuuzie yeye upesi. Bokassa akauza kwa bei ya kutupa. Baadaye akashtuka, akalalamika, na mahakama ikayafuta mauzo hayo. Simuonei huruma Bokassa hata chembe. Lakini naona pale mbinu nzima ya Tapie ikiwa uchi: mtafute mtu akiwa na hofu, muuzie hofu yake mwenyewe.

Mwaka 1986 aliyekuwa na hofu alikuwa mji mzima. Olympique de Marseille, au OM kwa kifupi, klabu ya tangu 1899, ilikuwa imeshafilisika miaka mitano nyuma, ikaokolewa na vijana wa akademi, ikarudi daraja la kwanza mwaka 1984, na msimu wa 1985-86 ikamaliza ya 12. Meya Gaston Defferre, aliyeitawala Marseille kwa miongo, alikuwa anatafuta mtu mwenye fedha na makeke. Akampata Tapie. Defferre akafariki Mei mwaka huohuo, hakuona kilichofuata.

Kilichofuata kilikuwa mvua ya majina. Michel Hidalgo, kocha aliyewapa Ufaransa ubingwa wa Ulaya 1984, akaletwa kusimamia masuala ya soka. Karl-Heinz Förster, Alain Giresse na Jean-Pierre Papin wakasajiliwa majira hayohayo ya kiangazi. Msimu wa kwanza tu OM ikamaliza ya pili. Mwaka 1989 wakatwaa ligi na Kombe la Ufaransa kwa pamoja, kisha wakaichukua ligi 1990, 1991 na 1992. Chris Waddle alitolewa Tottenham kwa pauni milioni 4.5, fedha zilizowashtua watu wakati ule. Enzo Francescoli akaja, Carlos Mozer akaja, Dragan Stojković akaja. Franz Beckenbauer, akiwa ametoka tu kuwapa Ujerumani Kombe la Dunia la 1990, akaletwa kuwa kocha, na ndani ya miezi michache kiti kikamshinda. Beckenbauer! Aliyemfuata ni Raymond Goethals, mzee wa Kibelgiji mvuta sigara, na huyo alidumu kwa sababu alijua wakati wa kunyamaza.

Maana Tapie hakukaa jukwaani kama wamiliki wengine, kula njugu na kupungia mikono. Aliingia vyumba vya kubadilishia nguo. Aliwatukana wachezaji, halafu dakika tano baadaye anawakumbatia. Alikuwa anajua, au alidhani anajua, nani apangwe. Siku ya fainali ya Munich alikuwa juu jukwaani na redio ndogo ya mkononi, ile ya walinzi, akizungumza na benchi. Boli amesimulia mara nyingi: goti lilikuwa linamuuma, akaomba kutoka, benchi likauliza juu, jibu likashuka kwamba asitoke. Wakiwa bado wanabishana na redio, ikapatikana kona.

Kabla ya Munich lakini kuna usiku tatu ambazo bila hizo huwezi kumwelewa.

Wa kwanza ni Lisbon, Aprili 1990, nusu fainali ya Kombe la Mabingwa Ulaya. OM wameshinda 2-1 nyumbani, wanahitaji sare tu kwa Benfica. Zikiwa zimebaki dakika chache, Vata, mshambuliaji wa Angola, anausukumia mpira wavuni kwa mkono. Mwamuzi haoni. OM nje. Tapie akatoka pale akisema waziwazi kwamba ameelewa namna mambo ya Ulaya yanavyokwenda. Maneno ya hasira, yanayosemwa na kila aliyeonewa. Tofauti ni kwamba wengine wakishasema hulala.

Wa pili ni Machi 1991, Vélodrome, uwanja wa nyumbani wa OM, robo fainali dhidi ya Milan ya Silvio Berlusconi, mwanaume mwingine aliyenunua timu akiwa na macho ya mbali kuliko mpira. Milan ndio mabingwa watetezi. Waddle anafunga, OM wanaongoza, na mechi ikiwa inaelekea mwisho mnara mmoja wa taa unazimika. Taa zinarudi nusu. Adriano Galliani, mtu wa Berlusconi, anashuka uwanjani na koti lake, anawaita wachezaji watoke, wanagoma kurudi. UEFA ikawapa OM ushindi wa 3-0 na Milan wakafungiwa mwaka mzima. Kumbe hata wakubwa wakikaribia kushindwa wanazima mechi. Nadhani Tapie alilitazama lile kwa makini.

Wa tatu ni Bari, 29 Mei mwaka huohuo, fainali na Red Star Belgrade. Dakika 120 za mpira wa kuchosha, 0-0, mikwaju ya penalti. Manuel Amoros anapiga ya kwanza ya OM, kipa anadaka. 5-3. Boli analia kama mtoto, kamera haimwachi. Fedha yote ile, nyota wote wale, na kombe limeamuliwa na mguu mmoja uliotetemeka.

Kwetu wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tapie alikubali kushindwa mara mbili, Lisbon na Bari, akaona inatosha.

Siasa nitazipitia haraka, ingawa yeye hakuzipitia haraka. Alikuwa mbunge, akawa kipenzi cha Rais François Mitterrand, mwaka 1992 akateuliwa waziri wa masuala ya miji, akajiuzulu baada ya wiki chache kwa sababu ya kesi, akarudishwa Desemba. Alikuwa karibu mwanasiasa pekee wa mrengo wa kushoto aliyethubutu kukaa uso kwa uso na Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa mrengo mkali wa kulia, kwenye televisheni bila kutetemeka. Mwaka 1994, walipokutana tena, mtangazaji aliwawekea glavu za ngumi mezani. Mtangazaji huyo alipoteza kazi. Tapie alipata asilimia 12 ya kura za Bunge la Ulaya mwezi huohuo, akiwa tayari na kesi shingoni. Watu walijua. Wakampigia.

Sasa turudi Mei 1993.

Ratiba ilikuwa hivi: Alhamisi tarehe 20 OM wanacheza ligi ugenini Valenciennes, mji wa kaskazini, timu inayopigania isishuke daraja. Jumatano tarehe 26 wana fainali Munich. Wanachotaka OM ni mawili: pointi, na wachezaji watoke na miguu yao salama. Usiku wa kuamkia mechi, hotelini, Jean-Jacques Eydelie, kiungo wa OM, anapiga simu kwenye chumba cha wachezaji wa Valenciennes. Anaowatafuta ni watatu aliowahi kucheza nao huko nyuma: Jacques Glassmann, Christophe Robert na Jorge Burruchaga. Naomba usimame hapo kwenye jina la tatu. Burruchaga ndiye aliyeifungia Argentina bao la ubingwa wa dunia mwaka 1986, akikimbia peke yake kwa pasi ya Maradona. Miaka saba baadaye yuko kwenye hoteli ya mji wa viwanda, anaombwa asikimbie. Jean-Pierre Bernès, mkurugenzi wa OM na mkono wa kulia wa Tapie, anachukua simu naye anaongea. Bahasha inakabidhiwa usiku huo kwa mke wa Robert. Ndani yake kuna faranga 250,000, ambazo kwa hesabu za leo ni kama yuro 38,000.

Linganisha na pauni milioni 4.5 za Waddle. Kilichoiangusha himaya nzima ni fedha ndogo mno.

Mechi ikachezwa. Alen Bokšić akafunga mapema, Robert akaumia, au akaonekana kuumia, akatoka kipindi cha kwanza. Mapumziko, Glassmann, beki, mtu ambaye hata mashabiki wa timu yake walikuwa hawamwimbi, akamwambia kocha wake Boro Primorac kila kitu. Akaambiwa mwamuzi pia. Kipindi cha pili kikachezwa, 1-0, OM wakaondoka na pointi zao.

Siku sita baadaye, Munich. Nimeitazama ile dakika ya 43 mara nyingi mno, sasa naangalia pembeni badala ya katikati. Abedi anauweka mpira, anarudi hatua chache. Boli, yule mwenye goti bovu, anaruka mbele ya Frank Rijkaard, na kwa sekunde moja anaonekana kama amening'inizwa. Mpira unakwenda kona ya mbali, kipa Sebastiano Rossi anautazama. Pembeni kabisa, katika kundi la jezi nyeupe zinazokimbilia kumlalia Boli, kuna Eydelie. Alicheza fainali ile. Yule yule aliyepiga simu. Ukishajua, huwezi tena kuitazama picha ile bila kumtafuta.

Siku tatu baadaye wakawafunga Paris Saint-Germain (PSG) 3-1 nyumbani, wakashangilia ubingwa wa tano mfululizo. Marseille nzima ilikuwa barabarani. Lakini uchunguzi ukaanza Valenciennes, na mwezi Juni wapelelezi wakafukua bahasha. Robert alikuwa ameichimbia kwenye bustani ya ndugu zake. Noti za hongo ya klabu bingwa ya Ulaya, chini ya udongo, kama mtu anayeficha mahindi ya mbegu!

Kuanzia hapo Tapie alifanya alichokuwa anakifanya siku zote: akazungumza. Kwamba ni njama. Kwamba ni wivu wa Paris kwa Marseille. Kwamba mwendesha mashtaka Éric de Montgolfier anatafuta umaarufu. Na mji ukamwamini, kwa sababu Marseille kuonewa na Paris ni imani ya kale kuliko klabu yenyewe. Primorac akatoa ushahidi kwamba tarehe 17 Juni Tapie alimwita ofisini Paris akamtaka aubebe msalaba kwa malipo. Haiwezekani, akasema Tapie, saa hiyo nilikuwa na mtu mwingine. Nani? Jacques Mellick, waziri wa zamani na meya wa Béthune. Mellick akajitokeza kuthibitisha. Bahati mbaya mchana huohuo Mellick alikuwa ameonekana Béthune, na alikuwa amepigwa picha, na Béthune na Paris ni zaidi ya kilomita 200. Wachekeshaji wa televisheni wakala vizuri mwaka ule kwa kukokotoa mwendo wa gari la Mellick. Baadaye alihukumiwa kwa ushahidi wa uongo.

Mahakamani mwaka 1995, ukuta ulipokuwa umeshaanguka, Tapie akasema sentensi ambayo Wafaransa wanaitania hadi leo: nilidanganya, lakini kwa nia njema. Watu huicheka kama mzaha wa mjanja. Mimi nadhani ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote alizowahi kutamka. Aliamini kabisa kwamba uongo unaomfikisha mahali pazuri si uongo, ni mkopo, na kwamba ataulipa akishafika. Rufaa ilimpa miaka miwili, miezi minane kati yake ndani kwelikweli. Aliingia gereza la La Santé Februari 1997, akatoka Julai.

OM walinyang'anywa ubingwa wa ligi wa 1993. PSG, waliokuwa wa pili, hawakutaka kupewa, kwa hiyo mpaka leo kwenye orodha ya mabingwa wa Ufaransa mwaka ule una pengo. UEFA ikawazuia kutetea kombe lao, ikawaingiza Monaco badala yao. Mwaka 1994 wakashushwa daraja, kisha wakafilisika. Kombe la Munich hawakunyang'anywa, na ndiyo maana jibu la kaka yangu bado lina nguvu. Mashabiki wana msemo wao, kwamba wao ni wa kwanza milele. PSG, pamoja na mafuta na gesi yote ya Qatar, walisubiri hadi 2025 kulichukua kombe hilo, na wakalichukulia Munich, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anaandika mchezo huu.

Na Glassmann? Huyu ndiye ninayemfikiria siku hizi nikisikia jina la Tapie. Valenciennes walishuka daraja msimu uleule, wakaendelea kuporomoka. Kila uwanja wa ugenini alioingia Glassmann, alizomewa. Yeye, si Robert aliyechimba shimo. Watu walimwona kama msaliti aliyeuharibu usiku mtamu zaidi wa soka la Ufaransa. Ni jambo la ajabu ukilifikiria: aliyetoa fedha akapigiwa kura, aliyekataa fedha akapigiwa miluzi. Mwaka 1995 FIFA ikampa tuzo ya uungwana mchezoni. Tuzo haimlindi mtu na miluzi. Alimalizia mpira wake kisiwani Réunion, kwenye Bahari yetu ya Hindi, mbali na Vélodrome kadiri pasipoti ya Kifaransa inavyoweza kukufikisha. Baadaye alifanya kazi kwenye chama cha wachezaji wa kulipwa. Primorac naye alikuwa amekuwa kama mkoma kwenye soka la Ufaransa, akachukuliwa na Arsène Wenger kwenda Japani, kisha Arsenal. Wenger alikuwa kocha wa Monaco miaka hiyo, akimaliza nyuma ya OM. Alikuwa na sababu zake za kumkumbuka.

Sijawahi kusoma mahali kwamba Glassmann alijigamba. Ukimsikiliza anasimulia, anasimulia kama mtu aliyeulizwa saa ngapi: waliniambia hivi, nikaona siyo, nikasema. Hakuna zaidi. Tapie angetengeneza vipindi kumi kutokana na nusu ya hiyo.

Kisha kuna Adidas, na hapa nakiri kwamba hata mimi huwa napotea njia. Tapie aliinunua mwaka 1990 kwa faranga bilioni 1.6, karibu zote za kukopa, na mkopeshaji mkuu alikuwa Crédit Lyonnais, benki ya serikali. Alipokuwa waziri ilibidi auze. Februari 1993 benki yenyewe ikaziuza hisa kwa niaba yake kwa zaidi kidogo ya bilioni 2, na kufikia mwisho wa 1994 mfanyabiashara Robert Louis-Dreyfus akaimiliki kampuni kwa bilioni 4.4. Tapie, aliyekuwa ameshafilisiwa na benki ileile, akapiga kelele kwamba ameibiwa na dalali wake. Kwa mara moja hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Na Louis-Dreyfus huyohuyo mwaka 1996 akainunua Olympique de Marseille, na mwaka 2001 akamrudisha Tapie klabuni kwa muda mfupi. Mpira wa kulipwa una watu wachache kuliko tunavyodhani, wanapokezana viti.

Mwaka 2008 jopo la usuluhishi likampa Tapie yuro milioni 403, milioni 45 kati yake ni fidia ya kuumizwa moyo. Milioni 45 za moyo. Mfungwa wa zamani, mwigizaji wa jukwaani kwa miaka kadhaa, akawa tajiri upya, akanunua gazeti la La Provence, la Marseille bila shaka. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaufuta usuluhishi na kumwamuru arudishe fedha. Christine Lagarde, aliyekuwa waziri wa fedha wakati wa maamuzi yale, alipatikana na hatia ya uzembe mwaka 2016, hakupewa adhabu yoyote, na leo anaongoza Benki Kuu ya Ulaya. Kesi ya jinai dhidi ya Tapie ilimwachia huru 2019, upande wa mashtaka ukakata rufaa, na kabla hukumu haijasomwa saratani ya tumbo ilimchukua. Tarehe 3 Oktoba 2021, akiwa na miaka 78. Alikufa akidaiwa mamia ya mamilioni.

Hakuzikwa Paris. Aliomba Marseille. Jeneza liliingizwa Vélodrome tarehe 7 Oktoba, na watu wakapita kwa maelfu, wazee waliokuwa Munich na watoto waliokuwa wamebebwa mabegani wakiwa na jezi nyeupe. Kesho yake misa ikafanyika kanisa kuu la La Major, lile linalotazama bandari. Nilitazama kwenye simu. Nilitaka kukasirika, sikuweza sawasawa. Kuna mzee mmoja kamera ilimkuta ameshika skafu, hapigi kelele, anachezesha midomo tu kama anahesabu.

Jioni ile nikampigia kaka. Nikamwambia Tapie amefariki. Akanyamaza kidogo, akauliza kama kombe bado wanalo. Nikamwambia wanalo. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Na ile hela waliyoichimbia, nani aliichukua?"